Kifundo cha Kushoto cha Sadiya

Jumatatu, 2 Februari

Nimeanza daftari hili kwa sababu faili za kazini hazina nafasi ya kuandika ninachofikiri. Faili hutaka tarehe, kiungo na hatua iliyochukuliwa. Mimi ni Gacheri, mtaalamu wa viungo, na huu ni mwaka wangu wa sita Isiolo. Watu huniita daktari. Nilichoka kuwasahihisha mwaka wa pili.

Leo Mwalimu Kubai ameniletea mkimbiaji. Kubai hufundisha shule ya upili mchana, jioni hunoa wanariadha, na huzungumza na kila mtu kama mwanafunzi aliyechelewa paredi. Mkimbiaji ni Sadiya Tadicha, wa mita elfu tano, anayeishi Bulla Pesa na bibi yake. Ana miaka ishirini na mmoja. Kifundo chake cha mguu wa kushoto kimeteguka mara nne katika miaka mitatu, na mara ya nne hakuwa hata anakimbia. Alikuwa anaenda dukani kununua sukari.

"Daktari, hii mguu inaniacha," alisema. "Iko sawa tu, halafu ghafla haiko."

Tarehe 18 Aprili kuna mashindano hapa mjini, na wasichana wawili wa kwanza watachukuliwa na kambi ya mazoezi huko Nyahururu kwa mwaka mzima. Kambi haipokei mtu aliyepita miaka ishirini na mmoja, kwa hiyo kwa Sadiya ni mwaka huu au basi. Na kwa kuwa mwaka jana alianguka mzunguko wa nane mbele ya watu wote, waandaaji wanataka barua ya mtaalamu kwamba mguu utahimili. Mtaalamu mwenyewe ndiye mimi.

"Wewe andika tu, daktari," Kubai alisema. "Yaliyobaki tutajua mbele."

Nilimwambia mimi siandiki tu.

Jumatano, 4 Februari

Nimempima vizuri. Unaweka kidole gumba cha mguu mbali kidogo na ukuta, unakunja goti liguse ukuta, na kisigino hakiruhusiwi kuinuka. Umbali kati ya kidole na ukuta ndio kipimo. Mguu wa kulia sentimita kumi na moja. Wa kushoto nne.

Hapo ndipo wengi hukosea. Wanasikia mguu umelegea, wanaufunga bendeji kama mzigo wa miraa, wanaagiza mazoezi ya nguvu. Kweli kano za nje zimelegea. Lakini mfupa wa juu ya kisigino, ule unaobeba mguu wote wa chini, umesogea mbele kidogo ukakwama hapo. Mguu huo umelegea na umekwama kwa pamoja. Ukitua haupati pa kukunjika, basi unapindukia upande.

Kazi yangu ni kuusukuma mfupa nyuma kwa mikono. Nafunga mkanda kiunoni mwangu na kuupitisha nyuma ya mguu wake, nashika mfupa kwa kiganja, yeye anakunja goti mbele polepole. Mara kumi, tunapumzika, mara kumi tena. Kisha anasimama kwa mguu mmoja juu ya mto. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Sadiya hasemi mengi. Anaangalia ukuta mpaka nimalize.

Ijumaa, 6 Februari

Sentimita nne na nusu. Vumbi limeingia hadi kwenye droo ya bendeji.

Jumatatu, 9 Februari

Tano. Lakini mguu ulinukia samli. Niliuliza, akasema bibi yake humkanda kila jioni. Bibi anatoka Korbesa, na kule watu walikuwa wakimletea waliovunjika na walioteguka kabla hajahamia mjini kuuza maziwa ya ngamia.

Nimeona kazi za wakandaji miaka sita. Nimeona mkono wa mtoto uliofungwa vijiti mpaka ukawa mweusi. Nilimwambia Sadiya kwamba mguu mmoja hauwezi kuwa na mafundi wawili, achague. Nikaongezea mficha maradhi kifo humuumbua, aniambie kila kitu kinachofanyiwa mguu huo. Akasema sawa. Wagonjwa wote husema sawa.

Jumatatu, 16 Februari

Sita na nusu. Amesimama kwa mguu wa kushoto sekunde arobaini akiwa amefumba macho. Kubai alichungulia mlangoni akaulizia barua. Nilimfungia mlango.

Alhamisi, 19 Februari

Mfungo umeanza leo. Nimehamisha saa za Sadiya kuwa asubuhi, kabla kiu haijamchosha. Anakimbia jioni kidogo kabla ya kufuturu, kisha anaenda msikitini na wanawake wenzake.

Jumatatu, 23 Februari

Sita. Huenda nimepima vibaya.

Ijumaa, 27 Februari

Tano na nusu. Sikupima vibaya. Nimemsimamisha mazoezi ya kasi mpaka namba ipande tena. Atembee, asimame kwa mguu mmoja, basi. Aliniangalia mara moja tu, akafunga kamba za viatu.

Jumatano, 4 Machi

Tano. Nasukuma mfupa ule ule, mikono ile ile, na kila nikirudi nakuta umerudi mbele. Nimefikiria kiu, nimefikiria viatu, nimekagua viatu. Nilimuuliza kama amefanya jambo lolote jipya. Hapana. Mguu unauma? Hapana, alhamdulillah.

Kubai alinisubiri getini. Alisema kumnyima mbio za kasi wakati huu ni kumzika msichana akiwa hai. Nilimjibu kuwa akianguka tena kwenye mzunguko wa nane atakuja kuniuliza kwa nini nilimruhusu. Alikunja uso. Nilidhani ana hasira, lakini nikifikiria sasa, uso ule ulikuwa wa mtu mwenye hofu. Kwa miaka kumi na moja amefundisha wanariadha, na hajawahi kupeleka hata mmoja kambini.

Jumatatu, 9 Machi

Nne na nusu. Tumerudi karibu pale tulipoanzia.

Ninajua ni nani. Bibi hajaacha. Anakanda kila jioni, anavuta mbele ninachosukuma nyuma, na Sadiya hawezi kumkatalia mtu mzima. Kesho nitaenda mwenyewe Bulla Pesa.

Jumanne, 10 Machi

Naandika hii nikiwa nimeketi jikoni kwangu Wabera, na sijapika.

Nilichukua boda saa kumi alasiri. Ni nyumba ya vyumba viwili kwenye ploti ya wapangaji wengi, madumu ya maziwa yameoshwa na kupinduliwa juani. Bibi yake, Akko Ado (akko ni bibi kwa lugha yao), alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha mbele. Ni mwanamke mwembamba mwenye mikono mikubwa kuliko ya mwanamume. Nilisema salaam aleikum kwa lafudhi yangu ya Meru, naye akaitikia bila kucheka.

"Chai hatuna ya kukupa saa hii," alisema. "Utatusamehe. Ungoje jua ishuke, utakula na sisi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, na mtu anayekuomba radhi kwa kukosa chai ni mgumu kugombana naye. Lakini nilianza. Nikamwambia namheshimu, ila mguu wa Sadiya unarudi nyuma, na nilisema usiguswe.

Akko alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mimi niliacha hiyo siku ulisema. Sadiya alikuja akaniambia, Akko, daktari amekataa. Nikaacha. Kwani wewe uliniona nikikanda?"

Nilisema sikumwona.

"Mtu aliniona?"

Nilisema hapana. Niliona aibu, ile ya kuanzia shingoni.

Wakati huo Sadiya alikuwa ameshatawadha, akaja kutandika msala wake pembeni mwa chumba kusali alasiri. Nilitaka kutoka nje, Akko akanionyesha kwa mkono nikae. Nikakaa. Kwa miaka sita nimekuwa nikiangalia pembeni watu wanaposali, kwa adabu. Leo sikuwa na mahali pengine pa kuangalia.

Alisimama, akainama, akasujudu. Akainuka kukaa. Mguu wa kulia aliusimamisha, vidole vimekunjwa sakafuni. Wa kushoto aliulaza, umenyooka kama wa mtu anayeogelea, unyayo umegeukia ndani, na akaukalia. Uzito wote wa mwili ulikuwa juu ya kifundo kile kile. Akasujudu tena, akainuka, akaukalia tena. Nilimwona akiukalia na mikono yangu ikasikia ule mfupa unavyosogea mbele. Hakuna mkao mwingine duniani ambao ungeharibu kazi yangu vizuri hivyo.

Na sasa ni Ramadhani. Mbali na sala tano kuna tarawehe, rakaa ishirini kila usiku. Nilianza kuhesabu kichwani. Kwa wiki tatu nimesukuma mfupa nyuma mara tatu kwa wiki, na yeye ameukalia kama mara sitini kwa siku.

Alipotoa salamu kulia na kushoto, sikungoja hata akunje msala. Nilisema kwa sauti, "Kumbe! Ni sala ndiyo inakuharibu."

Nimeyaandika maneno hayo jinsi nilivyoyasema. Nilimaanisha kukaa. Nilimaanisha pembe ya kifundo. Lakini niliyosema ndiyo hayo, ndani ya Ramadhani, kwenye nyumba yao, mimi Mmethodisti niliyekuja kumshtaki bibi kwa kosa ambalo hakulifanya.

Sadiya alikunja msala. Hakuniangalia.

"Sala haiharibu mtu, mwanangu," Akko alisema.

Nilijaribu kueleza. Nilieleza mfupa, nikaeleza pembe, nikachora kwa kidole kwenye mkeka. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuwa mjinga. Sadiya alienda uani kuosha vyombo vilivyokuwa safi tayari. Nikaaga. Sikungoja jua lishuke.

Jumatano, 11 Machi

Hakuja.

Ijumaa, 13 Machi

Hakuja. Nimetibu viuno viwili vya waendesha boda na bega la fundi wa kulehemu. Nilikuwa mpole kwao kupita kawaida.

Jumatatu, 16 Machi

Hakuja. Kubai alikuja badala yake. Nilitegemea kelele. Aliketi kwenye kitanda cha wagonjwa akaniambia Sadiya haji uwanjani pia.

"Amesema ameacha kukimbia. Ulimwambia nini?"

Nilimwambia yote, hata lile neno. Kubai alisugua uso.

"Daktari, mimi nimekaa hapa miaka ishirini," alisema. "Kuna vitu tunaogopa kuuliza hawa watu, halafu siku tukifungua mdomo tunavunja sahani zote."

Simpendi sana mtu huyu lakini amesema kweli. Kwenye fomu yangu huuliza kazi ya mgonjwa, viatu vyake, kitanda chake, hata anavyochuchumaa chooni. Sijawahi kuuliza mtu anavyosali. Nilidhani ni heshima, kumbe nilikuwa nikiogopa tu.

Jumatano, 18 Machi

Wamekuja wawili, saa mbili unusu asubuhi. Akko alitangulia, amejifunga shuka mabegani. Sadiya nyuma yake.

Nilisimama. Nilisema, "Akko, nilikushtaki bure, na nilisema neno baya nyumbani kwako. Naomba msamaha." Maneno hayo nilikuwa nimeyafanyia mazoezi tangu Jumanne ile.

"Hiyo imeisha," Akko alisema, na akaketi kwenye kiti changu. "Huyu nilimpeleka kwa Maalim Abdiwali wa msikitini. Nilimwambia aulize yeye mwenyewe, mguu ni yake."

Nilimtazama Sadiya.

"Maalim alisema mgonjwa anakaa vile anaweza," Sadiya alisema, akiangalia ukuta wake. "Ata kwa kiti. Ata kunyoosha mguu. Alisema sala haipungui." Kisha akaongeza, "Akauliza kwa nini daktari hakuja kumuuliza mapema."

"Mimi mwenyewe nanyoosha miguu miaka kumi sasa, sababu ya goti," Akko alisema. "Mungu hajanirudishia sala hata moja. Sikujua ni ya kumwambia huyu. Yeye ni mtoto, mguu yake inakunjika, nikaona anakaa vizuri."

Hivyo sote watatu tulikuwa na kipande cha jambo hili na hakuna aliyekitoa. Nilimwomba Sadiya anionyeshe mikao anayoweza. Tulijaribu kwenye sakafu ya chumba changu: miguu mbele, miguu upande wa kulia, mto chini ya kifundo. Alichagua kupitisha miguu yote upande mmoja, kifundo kikiwa huru. Nilipima pembe. Ni salama.

Kabla hajaondoka Akko alikishika kifundo kwa vidole viwili, akafumba macho, akabonyeza mahali pale pale ninapobonyeza mimi.

"Iko mbele," alisema.

Nilisema ndiyo, iko mbele. Kisha nikamwuliza kama angependa kunisaidia jioni, nikimwonyesha upande wa kusukuma. Aliniambia upande anaujua tangu kabla sijazaliwa.

Jumatatu, 23 Machi

Idi imepita. Sita. Sadiya ameniletea kipande cha keki kwenye sahani iliyofunikwa. Nimemruhusu mbio za kasi, nusu ya kawaida.

Alhamisi, 26 Machi

Mvua. Barabara ya nyuma ya soko imekuwa mto. Nimelala vizuri.

Jumatatu, 30 Machi

Saba na nusu. Mimi asubuhi mara tatu kwa wiki, Akko kila jioni. Mguu mmoja una mafundi wawili na haujalalamika. Nilienda kumwona Akko akifanya kazi. Hana haraka. Huanza mbali, kwenye misuli ya nyuma, mpaka mguu usahau kujilinda, ndipo anagusa mfupa. Mimi huanza na mfupa moja kwa moja kwa sababu nina wagonjwa kumi na wanne kwenye foleni. Nimemwomba anifundishe ile ya mwanzo. Alicheka, akasema kuuliza si ujinga, na sikuweza kujua kama alikuwa ananitania. Nadhani alikuwa ananitania.

Ijumaa, 3 Aprili

Ijumaa Kuu, kazini kumefungwa. Sadiya alikuja kwangu Wabera, tukafanyia kwenye mkeka sebuleni. Nane na nusu. Kwa mara ya kwanza amezungumza bila kuulizwa. Anasema akikimbia huwa anausikiliza mguu wa kushoto kila hatua, na wiki hii kuna wakati ameusahau.

Jumatatu, 13 Aprili

Tisa na nusu. Nimemrukisha juu ya sanduku, nimemzungusha, nimemsukuma kwa bega akiwa amesimama kwa mguu mmoja amefumba macho. Nimemkimbiza kwenye kokoto nje ya jengo, wagonjwa wakishangilia. Kifundo hakikugeuka.

Nimeandika barua na kuweka sahihi. Kubai aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati na kuufunga kifungo.

Jumamosi, 18 Aprili

Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Uwanja ulikuwa tope jekundu, na upande wa mbali lori la viti lilikuwa limeacha mitaro miwili ya magurudumu inayokatiza njia. Wasichana kumi na mmoja walianza, mizunguko kumi na mbili na nusu. Nilisimama na Akko chini ya mwavuli wangu. Alishika mkono wangu tangu mwanzo na sidhani alijua.

Hadi mzunguko wa nane walikuwa watatu mbele: Kagwiria wa shule ya jirani, msichana mrefu wa Merti, na Sadiya. Mzunguko wa nane ukapita. Wa tisa, kwenye mitaro, mguu wake wa kushoto ulitua ukingoni, nusu kwenye tope nusu hewani. Nilikiona kifundo kikipinda kwenda nje. Nilifumba macho. Nilipoyafungua alikuwa bado anakimbia.

Kimeshika. Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa na sijawahi kufurahi hivyo. Nililia, na naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Mita mia tatu za mwisho wale wawili waliongeza kasi. Sadiya aliongeza pia. Alikuwa na mguu, hakuwa na pumzi. Alimaliza wa tatu, sekunde mbili nyuma ya msichana wa Merti.

Kambi inachukua wawili.

Kubai alikuja kwetu na saa yake mkononi. Hakunilaumu. Alisema tu, kama mtu anayesoma hesabu ubaoni, "Mguu umefanya kazi yake. Hizo sekunde ni za mwezi wa tatu. Hakuwa na kasi kwa wiki tatu na zaidi." Mimi ndiye niliyesimamisha kasi. Niliisimamisha kwa sababu namba zilishuka, na zilishuka kwa sababu sikuuliza swali moja.

Sadiya alikuwa anafungua viatu vilivyojaa tope. Akko alimfunika shuka.

Jumatatu, 20 Aprili

Sikumtarajia, lakini alikuja saa yake ile ile. Alipanda kitandani, akanyoosha mguu wa kushoto. Nilifunga mkanda kiunoni, kisha nikaufungua. Nikamwambia lililokuwa moyoni: kwamba amekosa kambi kwa sababu yangu. Kwamba ningemuuliza mwezi wa pili anavyokaa kwenye sala, angekuwa na wiki zote za kasi, na angekuwa anafunga sanduku leo.

Aliangalia ukuta.

"Najua," alisema. "Nilijua ile siku nyumbani. Ndiyo maana sikukuja." Kisha akanigeukia, kitu ambacho huwa hafanyi. "Lakini, daktari, ungeniuliza mwezi wa pili ningekudanganya. Ningefikiri unataka niache kusali. Ningesema nakaa tu kama watu wote."

Nilimuuliza sasa atafanya nini. Alisema Kubai ametaja mbio za barabarani za mwezi wa saba, hazina kikomo cha umri. Alisema atakimbia tu, kwani mguu uko. Nilimfanyia mara kumi, tukapumzika, mara kumi tena.

Sijui kama alisema vile kwa sababu ni kweli au kwa sababu alinihurumia. Sadiya si mtu wa kusema uongo, lakini ni mtu mwenye huruma, na siwezi kupima hiyo. Ninaiandika hapa kabla sijaanza kuiamini kwa kuwa inanifaa. Labda angenidanganya. Sikumuuliza.